Jina lako likirukwa kwenye listi

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuzikana huku mtaani kwetu Bagamoyo, daftari nimelishika muda mrefu sasa, na nawaambia ndugu zangu kama unataka kujua tabia za watu usiwaangalie kwenye harusi, kila mtu harusini kapendeza na anacheka, we kaa na daftari la michango ya msiba.

Taarifa ikiingia kwenye grupu zinashuka innalillahi, zinashuka pole, halafu admini anaanzisha listi. Namba moja fulani 20,000, namba mbili fulani 10,000 ahadi, kila mtu anakopi anaongeza jina lake anarudisha. Sasa watu wawili wakikopi kwa wakati mmoja lazima jina la mtu litaruka, na hapo ndo nilipoanza kujifunza. Yupo atakayenitumia meseji pembeni, "mweka hazina, ile hela umeiona?", nikimjibu nimeiona basi imekwisha, hana neno tena. Yupo mwingine ataandika palepale kwenye grupu, marehemu hata hajaoshwa, kwamba yeye katuma tangu saa tatu na anarusha na skrinshoti ya muamala, na asipojibiwa haraka anarudia, na mpaka tunaenda makaburini bado hasira hazijamshuka.

Huyu wa pili simwiti mtu mbaya. Hela katoa kweli na mfiwa itamsaidia ileile. Ninachosema ni kwamba kuna kitu ndani yake kilikuwa kimelala, siku zote jina lake likitajwa hakijulikani kama kipo, kwa kuwa kinakula na kushiba. Likirukwa mara moja kinaamka. Na hicho kitu tunacho wote jamani, tofauti ni nani anakijua cha kwake na nani hakijui.

Halafu kuna watu hawamo kwenye listi kabisa. Hapa mtaani yuko mama mmoja mtu mzima, hela ya kuchangia hana na hajawahi kuficha hilo. Msiba ukitokea alfajiri anatoka kwake na mbuzi yake ya kukunia nazi kwapani, anapita mlango wa uani, anakaa karibu na mafiga na kanga kaifunga kiunoni, anakuna nazi moja baada ya nyingine, machicha anayakusanya kwenye sufuria pembeni asimwage hovyo, na mikono yake unaiona inavyokwenda hata hatazami. Wali ukishapakuliwa kwenye masinia na wanaume wanaanza kuitana waje kula, yeye anaisuuza mbuzi yake, anamuaga mfiwa kwa kumshika mkono, anaondoka. Tukisoma hesabu jioni jina lake halipo maana daftari langu lina safu ya hela tu. Nimeliona hilo miaka na linaniuma, kwa kuwa watoto wetu wanasikia nani katoa 50,000 ila hawasikii nani kalisha watu mia.

Nirudi kwenye hii kiu ya kutajwa, ndo ninachotaka tukizungumze kwa kirefu. Kuna bwana mmoja alitoa mabati ya kuezekea madrasa, si machache, mzigo wa maana. Siku ya dua likatajwa jina la mwingine kwanza, la kwake likaja la tatu, tena msomaji akalitamka vibaya. Akanyamaza. Wiki iliyofuata hakuonekana, mwezi hakuonekana, mchango wa msiba akawa anatuma na mtoto. Nikamfuata kwake, nikamwamkia shikamoo kwa kuwa ni mkubwa wangu, tukanywa kahawa, akaniambia maneno ambayo nimeyasikia kwa wengi kabla yake na baada yake: "Mimi sifa sitaki, nilichotaka ni heshima tu." Nikaondoka nayafikiria mpaka nyumbani. Maana heshima kweli ni haki ya mtu, sisi watu wa pwani tunalelewa hivyo, mtu aliyetenda jambo atambuliwe. Lakini heshima haikukosekana pale, alitajwa, akaombewa dua, watu wakaitikia amin. Kilichokosekana ni kuwa wa kwanza. Kiburi mara nyingi ndo kinavyoingia, hakiji na jina lake, kinaazima jina zuri la jirani yake, kinajiita heshima, au msimamo, wakati mwingine hata kinajiita uchungu wa dini.

Watoto wanasoma chini ya mabati yale na masika haiwanyeshei. Wema umebaki pale pale. Aliyekosa raha ni yeye peke yake, na raha ile alikuwa ameilipia.

Sasa wapo mashehe na mapadri wote wawili watakufundisha, na Bagamoyo hii tunao wote, kwamba mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Naliamini hilo. Lakini nimeona vijana wanalishika vibaya. Anasema, mi nikitoa najisikia vizuri watu wakiniona, kwahiyo nia yangu si safi, basi bora nisitoe kabisa mpaka nijirekebishe. Hapana mdogo wangu. Ukisubiri moyo usafike ndo utende utazeeka hujatenda, na aliye na njaa leo hali usafi wa nia yako.

Tazama jambo lililotokea hapa hapa kwetu. Februari 1874 waliingia Bagamoyo watu wamebeba maiti ya Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Scotland, aliyefariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Walioongoza safari ile walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Waliuzika moyo wake huko chini ya mti, mwili wakaukausha juani, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500, miezi tisa hiyo, na kundi lao lilikuwa na wanawake pia. Walipofika Tabora wakamkuta ofisa Mwingereza, Cameron, akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Nani angewalaumu wangekubali? Ruhusa walishapewa na mzungu mwenyewe, na njia iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari. Wakasonga mbele mpaka pwani. Maiti ikapelekwa Uingereza, ikazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka huohuo, na Susi na Chuma hawakuwepo. Walikuwa wameshalipwa ujira wao wakaachwa huku, aliyekwenda na jeneza ni mwenzao Jacob Wainwright. Hapa misheni ule mnara watu wanauita kwa jina la Livingstone, ndo jina lililobaki mjini.

Inawezekana kabisa walikuwa na hesabu zao. Mshahara waliutaka, na pengine waliogopa kurudi mikono mitupu wakaambiwa wamemuua bwana wao. Sawa, tuseme yote hayo yalikuwemo. Mshahara haumbebeshi mtu maiti miezi tisa kama hakuna na kitu kingine ndani yake, mapenzi, uaminifu, kukataa kumwacha mtu wenu porini. Mimi naona binadamu ndo tulivyo, ndani ya tendo moja zuri zimo nia tatu nne zimechanganyika, na wema hauharibiki kwa kuchanganyika. Unaharibika pale ile nia ndogo inapopewa usukani, mpaka ikinyimwa chakula chake unaacha kutenda.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza uko hapo, usijichunguze wakati unasifiwa, utajidanganya, kila mtu akisifiwa ni mnyenyekevu. Jichunguze siku umesahaulika. Ikikuuma ni kawaida, angalia inakufanya ufanye nini. Ukitaka kuandika kitu kwenye grupu weka simu chini, lala, asubuhi uone kama bado unataka. Mi hili nawaambia watu karibu kila msiba na wengi wananishukuru baadaye. Halafu zoea kutoa kingine ambacho hakina listi. Mkono wa pole wa mfiwa upo, mshike mkono na noti ndani ya kiganja, usimwambie hata mkeo. Siku za mwanzo utaona kama umepoteza, kuna kaujoto fulani hukipati, na ukizoea utashangaa ulikuwa unakitafuta cha nini. Na uwe na mtu mmoja wa kukwambia ukweli, mwenye umri, asiyekudai na usiyemdai.

Kikundini nako tumebadilisha kidogo, siku hizi jioni tunasoma majina bila kiasi, na walioosha, waliochimba, waliopika tunawasoma kwanza. Sitaficha, mwanzoni makusanyo yalishuka. Baadaye yakapanda tena japo wapo wakubwa wawili watatu hawajarudi kwenye viwango vyao. Mi naona tubaki hivyohivyo.

Kuhusu kutaka makuu, vijana wananiuliza sana hasa wa kijiwe cha bodaboda, eti ni dhambi kutaka uongozi? Si dhambi. Mtu asiyetaka kitu hafanyi kitu. Namjua kijana mmoja, masika ikija mtaa wetu unajaa maji maana mtaro unaziba mchanga na chupa, yeye alikuwa anakusanya wenzie wanaingia na majembe na mabeleshi wanazibua. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 akagombea uenyekiti wa kitongoji, kura hazikutosha. Wengi tulidhani basi. Masika ya 2025 mvua ya kwanza tu tukamuona yumo mtaroni, maji ya magotini, anamrushia tope juu yule yule aliyekuwa anamfanyia kampeni mpinzani wake ili alizoe kwenye toroli. Kumbe alichokuwa anakitaka ni mtaro uzibuke, uenyekiti aliutaka kwa ajili hiyo. Wako wengine, sitawataja, walinunua mipira na jezi mwaka ule, kura zikakosekana, wakadai jezi zirudishwe.

Juzi mmoja kanifuata anataka kujaribu uchaguzi ujao, akaniuliza, kaka nigombee au niache? Nikamwambia gombea. Ila kabla ya kuchukua fomu kaa na mkeo usiku mmoja mzungumze kura zisipotosha itakuwaje, pikipiki nani ataiendesha siku za kampeni, ukikopa nani atalipa, na lile zoezi la kuwapeleka wajawazito kituo cha afya usiku bila nauli, unalolifanya sasa hivi na hakuna anayekuona, utaliendeleza au utaliacha. Hilo la mwisho mjibu mkeo, mimi usinijibu. Akasema atampelekea, na kwamba fomu zenyewe bado ziko mbali.