Sukari imejaa kwenye damu, mbona haiingii yenyewe kwenye seli?

Swali: Shikamoo daktari. Nasomea uuguzi, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba usambaaji hautumii nishati: molekuli hutoka penye mkolezo mkubwa kwenda penye mdogo. Mgonjwa wa kisukari ana glukosi tele kwenye damu na kidogo ndani ya seli za misuli. Mbona haiingii?

Jibu: Marahaba. Ulichofundishwa ni sahihi, ila tofauti ya mkolezo huamua uelekeo tu. Kupita au kutopita ni suala la utando wenyewe.

Utando wa seli ni tabaka mbili za fosfolipidi, na katikati yake ni mafuta. Oksijeni na kabonidioksaidi ni molekuli ndogo, hazina chaji, zinayeyuka kwenye mafuta. Hupenya moja kwa moja. Glukosi ni kubwa kuliko hizo na hupenda maji, hivyo peke yake karibu haipenyi kabisa. Hupitishwa na protini za GLUT zilizopachikwa kwenye utando, ambazo huipokea upande mmoja na kuiachia upande wa pili. Huo bado ni usambaaji, maana ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli, haitumiki.

Sasa mgonjwa wako. Seli za misuli na za mafuta hutegemea GLUT4, ambayo muda mwingi imehifadhiwa ndani ya seli kwenye vifuko vidogo. Insulini ikishika kipokezi chake, vifuko husogea na kuungana na utando, ndipo glukosi huingia kwa wingi. Katika kisukari aina ya 1 mwili hautengenezi insulini ya kutosha. Katika aina ya 2 seli haziiitikii ipasavyo.

Lakini usiseme seli zote za mgonjwa zina njaa. Ubongo, chembe nyekundu za damu na retina ya jicho vina GLUT kwenye utando saa zote, bila kusubiri insulini. Sukari ikipanda kwenye damu, ndani ya seli za retina nayo hupanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya macho kuharibika.

Jambo moja litakufaa wodini: misuli ikifanya kazi, GLUT4 huja kwenye utando hata bila insulini. Ukimkuta anayedunga insulini sukari imeshuka ghafla, mpe kwanza sukari, kisha muulize kama siku hiyo alilima au alitembea mwendo mrefu.