Sifuri si waya uliokatika

Umeuliza kwa nini kompyuta ihangaike kuhifadhi sifuri ilhali sifuri ni "hakuna kitu". Sifuri inashika nafasi. Chukua 101 ya mfumo wa jozi, ambao hutumia 0 na 1 tu: kutoka kulia nafasi zina thamani ya 1, 2 na 4, kwa hiyo 4+0+1 ni 5. Itupe sifuri ya katikati, unabaki na 11, yaani 3. Sifuri za mbele hazibadilishi thamani, ila baiti, fungu moja la kumbukumbu, ina biti 8 (nafasi za 0 au 1), hivyo 5 hukaa kama 00000101.

Wengi hukosea wakifika kwenye umeme: hudhani 0 ni waya usiounganishwa na kitu. Katika saketi za TTL (aina ya saketi za kidijitali) za volti 5, pini ya kuingiza husoma chini ya volti 0.8 kuwa 0, na juu ya 2 kuwa 1. Hapo katikati usiamini kitu. Na pini ya Arduino (bodi ndogo ya elektroniki inayoprogramiwa) iliyoachwa ikining'inia bila kuunganishwa haisomi 0; hurukaruka kati ya 0 na 1, hata ukisogeza mkono tu karibu nayo. Iunganishe na graundi (volti 0) kupitia rezista ya kilo-omu 10. Usitumie waya peke yake bila rezista: swichi inayoleta volti 5 ikibonyezwa, unapiga shoti.