OTH na fidia ya ulemavu kwa askari wa zamani wa Marekani
Je, askari wa zamani aliyeachishwa jeshi kwa OTH (Other Than Honorable, yaani kuondolewa kusiko kwa heshima kamili) hukosa fidia ya ulemavu? Hapana, kuachishwa hivyo hakumnyimi fidia moja kwa moja. VA (idara ya serikali ya Marekani inayohudumia askari wa zamani) hupitia kwanza sababu za kuachishwa kwake (kanuni 38 CFR 3.12), na tangu Juni 2024 huangalia pia mazingira kama ugonjwa wa akili au unyanyasaji wa kingono. Ajaze fomu 21-526EZ ya kudai fidia ya ulemavu, aambatanishe DD 214 (cheti cha kuachishwa jeshi), rekodi za matibabu na maelezo ya kilichompelekea kwenye kosa. Wengi hukwama hapo: wanathibitisha jeraha tu, wanaacha sababu ya kuondolewa. Asisubiri cheti kirekebishwe. Fomu DD 293, ya kuomba cheti kipitiwe upya (ndani ya miaka 15 tangu kuachishwa), inaweza kwenda sambamba na dai hilo. Ila aliyefukuzwa kwa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi amezuiwa na sheria, isipokuwa ithibitike hakuwa na akili timamu alipotenda kosa.