Maswali ya koini: nyati wa miguu mitatu, hela ya Tabora na mstari kichwani kwa mzee Karume

Wiki hii maswali ni mengi na karibu yote yanauliza kitu kimoja, koini "iliyokosewa" inatokeaje. Nimechukua matano.

Nimeona kwenye simu senti tano ya Marekani ya 1937, eti nyati ana miguu mitatu. Mguu unapoteaje kwenye chuma? (Mwanjelwa, Mbeya)

Ni kweli kabisa ndugu yangu, na hii ndo koini napenda kuielezea kuliko zote. Koini inagongwa na mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu mmoja chini, katikati kinakaa kichuma kitupu. Ikitokea kichuma hakijaingia mihuri inagongana yenyewe kwa yenyewe, kila mmoja unaachia mwenzie alama. Pale Denver, kwenye kiwanda cha koini cha Marekani, ndo kilichotokea, wakaupiga msasa muhuri wa upande wa nyati wafute zile alama, wakasugua kupita kiasi, mguu wa mbele wa kulia ukaenda na maji.

Kwa nini mguu na siyo mgongo? Chukua kipande cha sabuni ya mche, chonga herufi mbili kwa kisu, moja ichimbe sana nyingine ipitishe juu juu tu, halafu sugua uso wa sabuni kwenye sakafu ya saruji uone ipi inatangulia kufutika. Kwenye muhuri picha imechimbwa kwenda ndani, kwa hiyo ukisugua uso unapungua na mchoro usio na kina ndo unakufa wa kwanza. Ndo maana kwato ya ule mguu bado ipo chini pale, imebaki peke yake.

Ukiletewa ununue, weka lenzi kwanza. Ya kweli ina D, alama ya Denver, chini ya maandishi ya thamani, ina vidoto vilivyovimba vinashuka toka tumboni hadi ardhini kama nyati anakojoa, na mguu wa nyuma umeliwaliwa. Matapeli wanachukua ya kawaida wanakwangua mguu, sasa kukwangua hakuleti vidoto vya kuvimba hata siku moja.

Babu alituachia koini mbili za Tabora za heller 20 (hela za enzi za Mjerumani), za 1916. Moja taji lake kubwa, nyingine dogo. Moja ni feki? (Tukuyu)

Ugonile mama. Taji kutofautiana peke yake hakuifanyi feki, zote mbili zinaweza kuwa halali. Wakati wa vita Mjerumani alizibiwa bahari, hela kutoka kwao haziingii, akaanza kugonga zake kwenye karakana ya reli pale Tabora, ndo ile herufi T unayoiona. Mihuri ilichongwa zaidi ya mmoja na haikufanana, kuna taji kubwa kuna dogo, hata mikia ya herufi inatofautiana, na vyuma pia ni viwili, shaba nyekundu na shaba ya njano. Tabora ikatekwa na Wabelgiji Septemba 1916, kwa hiyo ni kazi ya muda mfupi sana. Tofauti na yule nyati, hapa hakuna kilichofutika, ni mihuri miwili ilizaliwa tofauti. Msizitenganishe hizo mbili tafadhali, zikikaa pamoja zinaeleza zaidi.

Shilingi 200 yangu ina mstari mwembamba toka ukingoni hadi kichwani kwa mzee Karume. Ni mkwaruzo? (Makambako)

Pitisha ukucha, au iegemeze kwenye mwanga wa dirishani. Mstari ukiwa umezama, hiyo imekwaruzwa mtaani, mfukoni kwa konda huko, haina la ziada. Ukiwa umevimba basi umetoka kwenye muhuri, maana ufa kwenye muhuri chuma cha koini kinaingia humo kinatoka kimeinuka. Vikiwa vistari vingi vidogo vyembamba vinavyokwenda upande mmoja na vyote vimevimba, hiyo ni alama ya muhuri kupigwa msasa. Bei usitegemee kubwa, ila itunze.

Tarakimu za mwaka zinaonekana mbili mbili, nina utajiri? (Mafinga)

Kamwene. Mara nyingi hapana, na naomba mtu asikuchukulie hela kwa hilo. Muhuri ukigonga sana unachakaa, kingo za herufi zinalegea, herufi inatoa kivuli kilichopwaya kama wino uliosambaa. Senti moja ya Marekani ya 1955 inayo hiyo kwenye 5 ya mwisho na ni ya bei rahisi tu. Ile ghali ya mwaka huohuo ni tofauti, muhuri wenyewe ulipotengenezwa ulikandamizwa mchoro mara mbili bila kulingana, kwa hiyo maandishi na mwaka vinasomeka mara mbili waziwazi, siyo kivuli.

Lakini uchakavu nao kuna siku unazaa kitu. Mwaka 1922 senti moja za Marekani ziligongwa Denver peke yake, yani zote zilitakiwa kuwa na D, ila mihuri ilichoka ikapigwa msasa na nyingine D ikapotea kabisa. Hizo watu wanazitafuta mpaka leo.

Heller ya bibi imekuwa nyeusi, niisugue kwa limau na majivu? (Njombe)

Hapana dada, wala Brasso, wala dawa ya meno. Msasa wa kiwandani uligusa muhuri, wa kwako unaila koini yenyewe na huo weusi ukishatoka haurudi. Ishike ukingoni, ifunge kwenye karatasi kavu, na kwa huo ukungu wa Njombe usiiweke karibu na ukuta.