Maswali ya Wafugaji: Machicha ya bia kwa kuku wa nyama

SWALI: Bwana mtaalamu, pokea salamu zangu. Kwa kuwa bei ya chakula cha dukani imepanda, nimeanza kuchukua machicha ya kiwanda cha bia, yale tunayoyaita dreshi, na kuyachanganya yakiwa mabichi, nusu kwa nusu na unga wa mahindi. Jirani yangu huwapa nguruwe wake na wananenepa. Kuku wangu wa nyama wamefikisha wiki tano, lakini ni wepesi mno na kinyesi chao ni majimaji. Je, niyaache kabisa?
Mama mfugaji, Kadutu, Bukavu

JIBU: Usiyaache, Mama. Machicha yaliyokaushwa vizuri yana protini ya karibu asilimia 25, na ingekuwa hasara kubwa kuyapoteza pale yanapopatikana. Hata hivyo, yakiwa mabichi, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, na yakikauka yanabaki na nyuzinyuzi nyingi ambazo nguruwe mkubwa anaziweza kwa kiasi, lakini kuku wa nyama, ambaye anatakiwa kukua kwa wiki sita tu, hana tumbo la kuzimeng'enya. Gole, yaani mfuko wa chakula shingoni, linajaa mapema, nguvu haipatikani, na mahindi peke yake hayawezi kuziba pengo la protini.

Kwa hiyo vifaranga wa wiki tatu za kwanza wasipewe machicha hata kidogo. Katika umri huo wanahitaji protini ya asilimia 21 hadi 23, na senti unayoipunguza hapo utailipa mwishoni kwa uzito. Kuanzia wiki ya nne, weka kilo 10 za machicha makavu katika kila kilo 100 za chakula. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni huu: mahindi kilo 54, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 20, machicha makavu kilo 10, pumba laini ya mchele kilo 7, sambaza wakavu (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) waliosagwa kilo 6, mafuta ya mawese kilo 2, na kilo moja iliyobaki iwe chokaa ya mifugo, chumvi kidogo, na vitamini na madini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Protini yake inafika karibu asilimia 19. Soya mbichi isitumike, kwa maana ina dutu inayozuia kuku kumeng'enya protini, na ni moto tu unaoiondoa.

Ukinunua pumba inayotoka kwenye mashine za bonde la Ruzizi, isugue kiganjani: iliyo nzuri huacha mafuta kidogo, ilhali ile iliyochanganywa na maganda ya mpunga hukwaruza na haina lishe. Usiiweke kwa miezi, kwa sababu mafuta hayo huharibika.

Kuhusu kukausha, ambako ndiko kazi yenyewe ilipo, kamua maji kwanza kwa kuweka mawe mazito juu ya gunia, kisha tandaza machicha juu ya turubai, unene usizidi vidole viwili, ukiyageuza mara nyingi. Mvua zetu za Septemba hadi Mei hazina huruma. Katika miezi hiyo chukua kiasi unachoweza kukausha ndani ya siku mbili tu. Yakiota ukungu, yatupe yote, maana sumu yake huharibu ini la kuku na haiondoki kwa kupikwa.

SWALI: Je, maganda ya mihogo yanafaa kwa kuku wa nyama?
Mfugaji, Bagira

JIBU: Yanafaa, ndugu, ila yana sumu ya sianidi, hasa ya mihogo michungu. Yakatekate, yarundike yachachuke siku tatu, kisha yaanike juani hadi yavunjike kwa mkono. Yatachukua nafasi ya sehemu ya mahindi, yasizidi kilo 10 katika 100, na kwa kuwa protini yake ni ndogo sana, usipunguze soya wala sambaza kwa ajili yake.