Ningemchagua Solomon Butcher

Wiki hii mmeuliza: ukiweza kupigwa picha na mpiga picha yeyote wa zamani, ungemchagua nani? Mimi namtaka Solomon Butcher wa wilaya ya Custer, jimbo la Nebraska, Marekani.

Alizaliwa 1856, akahamia Nebraska 1880. Serikali ilikuwa ikigawa ekari 160 kwa atakayekaa na kulima miaka mitano. Butcher alichukua shamba, akalirudisha baada ya wiki mbili tu. Akaenda kusomea udaktari, akauacha. Mwaka 1886 akaamua kuandika historia ya wilaya yake kwa picha, akawa anazunguka na gari la farasi nyumba kwa nyumba.

Miti ilikuwa adimu kule. Watu walijenga kwa mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi na mizizi yake. Ndani giza, kwa hiyo Butcher alipiga picha nje, na kila familia ikatoa ilichotaka kionekane: farasi, meza, hata matikiti. Mama mmoja wa familia ya Hilton alikuwa na kinanda, lakini aliona haya watu wake wa mashariki mwa Marekani waione nyumba ya udongo. Basi kinanda kikabebwa hadi nje, familia ikasimama kukizunguka, mifugo nyuma yao. Nyumba haimo kabisa.

Wapo watakaosema huo ni udanganyifu. Sikubali. Picha pekee ya ujana wa mama yangu, amepakata redio ya jirani, na ninapoitazama simwoni mwongo, namwona binti aliyejua anakotaka kufika. Butcher aliwapa watu nafasi hiyo, akiwemo Jerry Shores, aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye mwaka 1887 alikaa na familia yake mbele ya nyumba yao wenyewe.

Mwaka 1899 moto uliteketeza nyumba ya Butcher. Vioo vya picha, yaani vipande vya kioo ambavyo picha zilinaswa juu yake, vilipona kwa kuwa vilikuwa ghalani. Kitabu chake kikatoka 1901, na baadaye picha zaidi ya 3,000 zikachukuliwa na chama cha historia cha jimbo. Alifariki 1927 bila kutajirika.

Akisimamisha gari lake uani kwetu, nitaitoa cherehani ya mama, aliyoinunua mwenyewe kwa fedha zake, na mama nitamketisha nyuma yake. Mimi nitasimama pembeni.