Maswali yenu: Mzigo, mpaka na mifumo ya kielektroniki

Tangu tuzungumzie vituo vya pamoja vya mpakani, jumbe zenu zimekuwa nyingi, na karibu zote zina kilio kimoja: karatasi zimehamia kwenye kompyuta, lakini usumbufu umebaki palepale. Nimechagua maswali yanayojirudia. Baadhi nimeyafupisha.

*Natoka Himo napeleka vitunguu na ndizi soko la Taveta. Mzigo wangu haufiki hata milioni moja. Pale Holili kuna vijana wanasema bila wakala siwezi kuingizwa kwenye mfumo. Ni kweli? (Mama wa vitunguu, Himo)*

Si kweli, dada yangu, na nakuomba uwaambie na wenzako. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa imezalishwa ndani ya nchi wanachama na imo kwenye orodha ya bidhaa zinazokubaliwa, unatumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imezalishwa wapi. Kwa bei ya dola ya miaka hii, hizo ni zaidi ya shilingi milioni nne. Wewe uko chini sana ya hapo.

Cheti chenyewe ni cha ukurasa mmoja. Kinaandikwa jina lako, bidhaa, kiasi, thamani na mahali ilipozalishwa. Unakipata kwa maofisa wa forodha hapohapo mpakani, kinagongwa muhuri, na hakilipiwi. Kinatumika kwa mzigo huo tu. Safari nyingine, cheti kingine. Ukifika dirishani usiseme "naomba nisaidiwe", maana hapo ndipo msaidizi asiyeitwa anapojitokeza. Sema: naomba cheti cha uasili cha mfanyabiashara mdogo.

Ila cheti hicho kinakuondolea ushuru wa forodha peke yake. Vitunguu na ndizi ni mazao, kwa hiyo bado utahitaji cheti cha usafi wa mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, isikutishe: Kenya imesamehe mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa.

Simu yako nayo ikusaidie hapa. Tanzania ina tovuti ya serikali ya taarifa za biashara, na Kenya wana InfoTradeKenya inayosimamiwa na KenTrade, taasisi ya serikali yao ya kurahisisha biashara. Humo taratibu zimepangwa hatua kwa hatua: ofisi gani, karatasi ipi, ada kiasi gani, kwa sheria ipi. Mwombe kijana wako nyumbani akufungulie ukurasa wa bidhaa yako, aupige picha, uwe nao. Mtu akikutajia ada ambayo haimo, mwonyeshe picha hiyo na umwombe risiti. Inaniuma sana kuona mama analipia karatasi ya bure, halafu siku ya pili anaamua kupita njia ya panya kwa kudhani njia halali ni ya matajiri. Huko porini akikamatwa anapoteza mtaji wote.

*Je, utaratibu huo unanihusu mimi ninayenunua viatu na vyombo vya plastiki Nairobi kuleta Arusha? (Kijana wa Ngarenaro)*

Inategemea vimetengenezwa wapi. Beseni la kiwanda cha Kenya linaweza kupata cheti likitimiza masharti ya uasili. Viatu vya China vilivyopita Mombasa havipati, hata kama umenunua kwa Mkenya na una risiti yake. Hivyo vinahesabiwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya, na tangu Julai 2022 bidhaa nyingi zilizokamilika ziko kwenye kiwango cha asilimia 35. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua. Na usichanganye bidhaa za aina hizo mbili kwenye kifurushi kimoja bila orodha, maana ofisa atashindwa kutenganisha na mzigo wote utasubiri.

*"Dirisha moja" ni kitu gani hasa? Si ndiyo TANCIS? (Msomaji, Tabata)*

Ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. TANCIS ni mfumo wa forodha wa TRA, ulianza 2014. Humo ndimo tamko la forodha linapoingizwa na kodi kukadiriwa. Dirisha moja la kielektroniki ni pana zaidi: vibali vya TBS (viwango), TMDA (dawa na vifaa tiba), Mkemia Mkuu, TPHPA na wengine vinaombwa na kujibiwa mahali pamoja, badala ya wewe kuzunguka mji na bahasha ya kaki. Kenya ina lake chini ya KenTrade, na Rwanda ilitangulia kwa kasi.

Na lina msingi wa kimataifa. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi zijitahidi kuwa na dirisha la namna hiyo, na unasema kwamba waraka uliokwisha kupokelewa dirishani usidaiwe tena na taasisi shiriki, isipokuwa kwa dharura au sababu nyingine chache zilizo wazi. Ndiyo maana nakasirika kila ninapoona mtu amepakia nyaraka zake kwenye mfumo kisha anaambiwa alete nakala tatu zilizochapishwa. Ofisa anayefanya hivyo anarudisha foleni ambayo mfumo ulijengwa kuiondoa.

*Nilipakia mahindi Kibaigwa kwenda Nairobi. Kila kitu kilikuwa kwenye mfumo, lakini Namanga wakaniweka siku kadhaa kwa ajili ya sumukuvu. Mfumo una faida gani basi? (Mfanyabiashara wa nafaka, Dodoma)*

Pole sana, ndugu yangu. Swali lako ndilo nililotaka kulijibu kwa kirefu.

Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu kwenye nafaka. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, yakabaki masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili, na kuwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho hakikuwa kipya. Ndicho kilichomo katika viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki, na humohumo imeandikwa unyevu usizidi asilimia 13.5.

Kompyuta haiwezi kuyakausha mahindi. Inachoweza ni kuwahisha habari, na habari hiyo inatakiwa ianze kabla lori halijawashwa. Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Kwanza mnunuzi wako Kenya aombe kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, taasisi ya afya ya mimea ya Kenya, kwenye mfumo wao, akutumie nakala. Masharti ya kibali hicho ndiyo mkaguzi wa TPHPA atakayoyafuata. Kisha wewe uombe kibali cha kusafirisha nje kupitia ATMIS, mfumo wa Wizara ya Kilimo, pamoja na ukaguzi wa usafi wa mimea. Wengi wanaanza mwishoni: wanapakia, wanafika Namanga, ndipo wanamtafuta mnunuzi aombe kibali huku lori linadai hela ya maegesho.

Sasa sumukuvu yenyewe. Mkaguzi anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje, anachukua punje kidogo huku na huku, anachanganya, anapeleka kupimwa. Sumu hii haisambai sawasawa. Gunia moja lililolala kwenye sakafu yenye unyevu linaweza kuchafua sampuli ya lori zima. Kwa hiyo fanya kazi hiyo mwenyewe ghalani. Nunua kipima unyevu au azima cha chama chenu cha ushirika. Choma kila gunia, siyo yale ya juu tu. Lenye unyevu litoe, likaanikwe. Halafu peleka sampuli iliyochanganywa vizuri maabara, upate cheti, na hakikisha namba ya shehena iliyo kwenye cheti inafanana na iliyo kwenye kibali na kwenye tamko la forodha. Kutofautiana kwa tarakimu moja kunatosha kukulaza Namanga.

Lakini serikali zetu nazo zina deni kwako. Cheti cha maabara inayotambulika Tanzania kingepaswa kuonekana kwa ofisa wa Kenya kwenye skrini yake na kuaminiwa, maana kiwango ni kimoja na Jumuiya ni moja. Kila sampuli inayopimwa upya ni siku nyingine chini ya turubai la joto, na joto hilo ndilo linaloulisha huo ukungu. Hili tulisemee bila kuchoka.

*Wakala wangu amefungua kila kitu kwa barua pepe yake na nywila yake. Nikitaka kuona mzigo wangu uko wapi namsubiri yeye. Ni sawa? (Msomaji, Mwanza)*

Hapana. Wakala mwenye leseni ana nafasi yake, na kwa mizigo mikubwa utamhitaji kuwasilisha tamko. Lakini kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, mwenye mzigo anawajibika kwa anayoyafanya wakala kwa niaba yake. Akishusha thamani ya bidhaa ili kodi ipungue, deni na adhabu vinaweza kukufuata wewe. TIN (namba ya mlipakodi) ni yako, akaunti za vibali zifungue kwa barua pepe yako na simu yako, na kila tamko likipita upate nakala siku hiyohiyo. Wakala mzuri hatakukatalia.

*Malipo je? Niliambiwa nitume kwenye namba ya simu ya mtu.*

Usitume. Malipo ya serikali Tanzania yanakwenda kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo, na upande wa Kenya kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali yao, au mfumo wa KRA, mamlaka yao ya mapato. Fedha za biashara, kati yako na mnunuzi, unaweza kuzipokea kwa M-Pesa kutoka Kenya. Huduma hiyo ya kuvuka mpaka ipo tangu 2015. Ni salama kuliko kutembea na noti na kubadilisha kwa mtu aliyesimama getini.

*Naendesha semi Dar kwenda Lubumbashi. Kile kifaa kinachofungwa kwenye mlango wa kontena kinarekodi nini? (Dereva, Tunduma)*

Hiyo ni lakiri ya kielektroniki. Inatuma mahali ulipo, na inapiga taarifa ikifunguliwa au ukitoka kwenye njia iliyosajiliwa. Kenya, Uganda na Rwanda walianza mfumo wao wa pamoja 2017, na Tanzania TRA ina wake. Faida yake kwako ni kwamba inapunguza ile misafara ya kusindikizwa na askari wa forodha. Hatari yake ni gari kuharibika: usihamishe mzigo kwenye lori jingine, hata kwa nia njema, kabla ya kupiga simu kituo cha ufuatiliaji na kuandikiwa. Namba yao iandike kwenye karatasi ubandike ndani ya kabini, maana simu huzima chaji wakati mbaya.

*Na mfumo ukiwa chini?*

Omba utaratibu wa dharura kwa msimamizi wa kituo, na piga picha ya skrini au tangazo yenye saa. Ukija kudaiwa gharama za kuchelewa, huo ndio ushahidi wako.

*Nimelalamika kwa mdomo mara nyingi. Kuna mahali panaposikiliza? (Mama wa dagaa, Sirari)*

Papo, dada. COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC zina mfumo mmoja wa kuripoti vikwazo visivyo vya kikodi, yaani usumbufu wa taratibu na karatasi: tradebarriers.org, na Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuviondoa. Malalamiko ya "wanatusumbua" hayaendi mbali. Andika tarehe, kituo, bidhaa, karatasi uliyokuwa nayo, ulichodaiwa na ofisi gani, na uambatishe risiti au picha. Mkiwa kikundi, kila mmoja aandike kisa chake badala ya kusaini barua moja, kwa sababu matukio ya siku tofauti yanaonyesha kwamba ni mazoea. Malalamiko yanapelekwa kwa nchi inayohusika, na kamati ya taifa inatakiwa kuyajibu. Ukishapewa namba ya shauri, ipeleke pia kwa ofisa biashara wa halmashauri yako, na umuulize kila mwezi limefikia wapi.